Matanga Yako Mwananyamala

Bibi, shikamoo. Usishtuke, lakini jana huku Mwananyamala tumekukalia matanga.

Mjukuu wako Sele ameandika riwaya. Ni ya kisasa, haina mwanzo wala mwisho, na ndani yake bibi mmoja wa Masasi anakufa ili wasomaji waelewe kwamba zamani imekwisha. Bibi huyo ni wewe, hadi kipini cha puani. Basi Sele akafunga turubai nje ya nyumba, akapanga viti vya plastiki, akashika kipaza sauti na kuisoma kwa huzuni. Kina mama waliokuwa wakipita wakaona turubai, wakasikia "bibi yangu amefariki", wakajitanda kanga, wakaja kukaa chini na kulia. Sele alivyofurahi! Akadhani ni utamu wa riwaya.

Mama mmoja akamuuliza, "Marehemu alikuwa anaumwa nini, baba?"

"Ameuawa na usasa," Sele akajibu kwa kujidai.

"Poleni jamani. Umemaliza wengi huo."

Mie nikashindwa kuvumilia. Nikawaambia marehemu yupo Masasi anabangua korosho, na zile alizonipa nimletee Sele, kazitafuna zote. Kilio kikakatika. Yule mama akamkazia Sele macho. "Na mara ya mwisho ulienda lini kumwona?"

Mwandishi wetu, mwenye maneno ya kujaza kitabu kizima, akaanza kufungua kamba za turubai.

Kanga uliyoniagiza nimeshanunua. Kula ushibe, bibi yangu, na ujifunike vizuri usiku. Usije ukampa Sele kitabu cha pili.

Mie wako, Hadija