Msafara Nyuma ya Bibi Kwan

Jumanne, 6 Aprili 2021

Swali linalonisumbua tangu nijiunge na kikundi cha kujitolea kusindikiza wazee: ninapomsindikiza mzee, namlinda au namfundisha kuogopa? Niliandika tasnifu nzima kuhusu hofu ya mitaani. Haijanisaidia.

Leo tena zamu ya Bibi Kwan, miaka sabini na minane. Februari, mtaa wa Webster, mtu alimsukuma hadi chini na kumwambia arudi China — yeye ambaye ameishi hapa Oakland miaka arobaini na mitatu. Kanuni ya kikundi: mzee asiachwe mpaka afunge mlango wake. Kanuni ya Bibi Kwan: mgeni husindikizwa mpaka kituo cha basi. Basi nikamfikisha mlangoni, akanifikisha kituoni. Nikamrudisha, akanirudisha. Mara tatu! Niliokolewa na haja yake ya msalani.

Alhamisi, 8 Aprili

Mwanawe, Wendell, amepiga simu kutoka Sacramento. Anataka kumhamishia mama kwake. Chumba kimeshapakwa rangi. Mama hataki hata kusikia. Wamekubaliana hivi: akiweza kwenda sokoni na kurudi peke yake bila hofu, atabaki hapa nyumbani mwake. Shahidi ni mimi, na jibu ni Jumapili. Nilimweleza Wendell kwamba sijawahi kumwona mama yake akitembea peke yake, kwa kuwa kila anapotembea mimi nipo. Akasema ndiyo maana ananiamini.

“Dada Corinne, nataka neno moja tu. Anaweza au hawezi?”

Ijumaa, 9 Aprili

Nitamfuata kwa siri. Je, ni haki kumfanyia hivyo? Nadhani si haki. Nitamfuata.

Jumamosi, 10 Aprili

Saa nne asubuhi. Kofia, barakoa, miwani ya jua. Nimejibanza nyuma ya makasha ya kabichi. Bibi Kwan alichagua kaa, akabishania bei ya tangawizi, akatoka. Mwendo wake ulikuwa mzuri — nilikwisha kuanza kufurahi. Kisha akauongeza. Nami nikauongeza. Akasimama, nikasimama, nikajifanya kutazama dirisha la kinyozi. Ilinichukua mpaka kona iliyofuata kuelewa kwamba mtaani palikuwa na mtu mmoja tu wa kuogopwa, naye alikuwa mimi.

Hapo nikasikia nyayo nyuma yangu. Meuy Saelee, mratibu wetu, na kizibao chake cha njano. Kando yake muuza tambi, ameshika ufagio. Walikuwa wameona mtu mwenye kofia akimnyemelea bibi. Nyuma yao alikuja mhudumu mwingine wa kikundi, akimlinda Meuy, kwa sababu kanuni hairuhusu hata mratibu kutembea peke yake.

“Wewe mwenye kofia,” alisema Meuy, “una shida gani na bibi yetu?”

Nikavua barakoa.

“Ala, Corinne? Nusura nikupulizie pilipili, mwenzangu.”

Bibi Kwan aligeuka, akatutazama sote wanne, mmoja baada ya mwingine.

“Mmekula?” akauliza.

Baadaye, ngazini kwake, aliniambia kwa sauti ya chini: “Nilikujua tangu kwenye kabichi, mwanangu. Nilikaza mwendo ili ukamwambie Wendell miguu yangu bado mizima.”

Huenda ni kweli. Nilitazama mkono wake. Mfuko ulikuwa unatetemeka. Lakini ndani mlikuwa na kaa wawili, wote hai.

Jumapili, 11 Aprili

Wendell amepiga mara mbili. Sijapokea.

Alirudi peke yake? Watu wanne walimfuata. Aliogopa? Kama aliogopa, alimwogopa mlinzi wake. Na anayetaka kubaki kwake ana kila sababu ya kunidanganya, nami sina moyo wa kumlaumu. Ningeijua kweli kama ningeacha kumtazama, lakini nisipomtazama sina cha kushuhudia. Zaidi ya hayo — nakiri — nataka abaki, na sijui ni kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Nimeandika neno “anaweza” pembeni mwa ukurasa huu. Nimelikata. Nimeliandika tena.

Simu inalia.