Nafasi ya Vidole Viwili

Kashai, Bukoba
14 Mei 2024

Tata, baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na kahawa imeanza kuiva. Najua mdogo wangu Joanitha anakutunza vizuri. Sisi huku hatujambo, ila watoto wanauliza lini utawaletea ndizi za kibanjani, shambani kwako, maana za sokoni wanazisusa.

Nakuandikia moyo ukiwa umetulia. Kitabu cha nyimbo za Mama kimetengemaa na kitafika huko kwenu Rubya kabla ya misa yake ya kumbukumbu, Jumamosi ijayo.

Unakumbuka daftari lake: maneno ya mwanzilishi wa wimbo pembeni mwa ukurasa, na kiitikio cha akina mama kikiingia ndani kwa nafasi ya vidole viwili, alivyovilaza kwenye karatasi mwenyewe. Nilizinakili nyimbo zote kwenye faili la XML, linalotaja tu kila mstari ni wa nani, kisha nikaandika faili la mtindo, yaani maelekezo ya kuiambia programu kila mstari ukae wapi. Kwenye kompyuta yangu zilitoka vizuri. Kwa Machibya, mchapaji wetu wa Kemondo niliyemwachia daftari, anayetumia programu nyingine kwa kazi ileile, mistari yote ilibanana pembeni. Ndizo nakala za majaribio mlizopokea. Annastella wa kwaya alinipigia kwamba waliimba wote kwa pamoja mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyemwitikia mwenzake. Nilicheka, halafu nikalia.

Ulipouliza nani kaharibu, nilisema ni Machibya. Ukamwandikia arudishe daftari la marehemu na asiguse tena kazi yetu.

Tata, Machibya hakukosea. Naona aibu kuliandika hili. Siku ya kwanza kabisa alinieleza kwamba nisiposema wazi nafasi zikae vipi, kila programu itajiamulia. Nikamwona anajifanya mjuzi. Kumbe nafasi ya Mama sikuiandika popote. Programu yangu ilikuwa ikijipangia tu, nami nikajisifu.

Jana nilikwenda Kemondo kumwomba radhi. Hakunigombeza. Alisema alichelewa kurudisha daftari kwa sababu alikuwa akipima nafasi ile kwa rula, ukurasa baada ya ukurasa, ili nikija tusibishane. Tulikiandika kipimo hicho kwenye faili la mtindo, tukazikataza programu zote mbili kujiongezea au kujipunguzia nafasi. Tukachapa nakala moja kwa kila programu, tukazibandika dirishani moja juu ya nyingine. Mstari kwa mstari, zililingana. Nilikaa chini nikashusha pumzi.

Nakuomba umwandikie tena Machibya, umwalike kwenye misa. Mimi siwezi kukaa benchi la mbele kama yeye hayupo.

Msalimie Annastella na kwaya yote. Humu ndani nimekuwekea ukurasa wa kwanza. Usiupime kwa vidole vyako, ni vinene. Mwite Joanitha aweke vyake, maana mikono ile ni ya Mama.

Ni mimi binti yako,
Edvina