Shanga Kwenye Ukungu wa Olenguruone

Dada Nyambura mpendwa,

Nakusalimu kutoka Olenguruone, kwenye baridi inayouma hadi meno. Leo asubuhi tumekimbia mchujo wa timu ya chuo, nafasi zikiwa mbili tu. Kocha alipoziona shanga ulizonitia kwenye ncha za rasta, na midomo niliyoipaka rangi nyekundu, aliniuliza mbele ya wote, "Msupa, na urembo wote huo, umekuja kukimbia ama kuolewa?" Nikamjibu kwamba hakuna katiba iliyoandika kuwa mwanamke mwenye mbio sharti afanane na mfungwa. Wenzangu walipiga makofi. Baada ya maneno hayo, dada, ningethubutuje kushindwa?

Ukungu ulitumeza tulipofika kwenye mashamba ya viazi. Msichana mmoja alikuwa ametutangulia mbali, nami nilikuwa wa pili, na nyuma yangu nilisikia pumzi za Chebet, mwenzangu wa chuo. Nikaongeza kasi, naye akaongeza. Ndipo nilipong'amua kwamba haoni kitu: alikuwa anafuata mlio wa shanga zangu! Nikazikusanya rasta zote, nikazikamata kifuani kwa mkono mmoja, nikakimbia kimya hadi mwisho. Nikawa wa pili.

Chebet alifika akihema na kufoka: "Siste, mbona ulizima redio? Si nilikuwa nakufuata tu!" Kisha akataka kujua msusi wangu ni nani. Anakuja kwako Rhonda Jumamosi, kujiandaa kwa mbio nyingine, za wote, mwezi ujao. Msuke vizuri, umtie shanga nyingi kuliko zangu, nimsikie anapokuja.

Mungu akutunzie vidole hivyo.

Mdogo wako,
Njeri