Ya Tatu Haijafika

Kwa Kaka,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa watoto. Natumaini wote ni wazima, na wewe hasa nakuombea afya kamili, maana kugombana na mtu mgonjwa hakuna ladha. Sisi hapa tunapumua. Mama mwili wake una nguvu, macho ndiyo yamekataa katakata. Baba kidonda cha kooni kimefunga na daktari ameridhika, ila sauti haitarudi, hilo unalijua. Mimi cherehani bado inanilisha, mapazia ya watu yamejaa mpaka kitandani. Basi, salamu zimeisha.

Nimepata ujumbe wako kwamba tangazo limeondolewa, kwamba umefanya kama nilivyotaka, na kwamba unangoja neno la shukrani. Utangoja sana. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nikikupigia unakata, na nikikutumia ujumbe wa sauti unausikiliza nusu kisha unanijibu kwa kidole gumba. Barua haina pa kubonyeza. Kaa chini uisome yote.

Nianze na ile rekodi. Kabla baba hajapasuliwa koo ulikuja na maikrofoni yako yenye manyoya, ukamkalisha sebuleni, ukafunga madirisha, ukatukataza hata kukohoa. Ulisema unahifadhi sauti yake kwa ajili ya familia, ili wajukuu wajue babu yao alivyokuwa. Na baba, mtu aliyenadi makabati na vitanda vya mitumba tangu hatujazaliwa, alijitoa siku ile kana kwamba soko zima limekaa mbele yake. Alinadi viti vyetu. Alinadi birika la mama. Alituita majina yetu ya utotoni, mmoja mmoja, na wajukuu pia. Mwishoni akamwambia mama maneno yake ya usiku. Mimi nilikuwa jikoni nimejiziba mdomo kwa khanga, nalia, nikisema kumbe kaka yangu ana moyo. Kilemba cha ukoka nilikuvisha mimi mwenyewe, bila kuombwa.

Haukupita muda mrefu, ukuta wa duka la dawa unaotazamana na dirisha langu ukabandikwa picha ya baba, kubwa kama mlango, amevaa kofia yake ya mnadani, mkono juu. Chini yake godoro. Chini ya godoro, maandishi: elekeza simu yako hapa usikie. Mwenye duka la dawa, ambaye hakuna kitu kipya kinachompita, akaelekeza simu yake. Simu ikaitambua picha, na sauti ya baba, ile ya kabla ya kisu, ikatoka barabarani mchana kweupe: Lala salama mara ya kwanza! Lala salama mara ya pili! Lala salama mara ya tatu, limeondoka!

Kama umesahau maneno hayo ni ya nani, nikukumbushe. Kila usiku baba akizima taa alimwambia mama lala salama mara ya kwanza, lala salama mara ya pili, halafu akanyamaza. Mama alimuuliza na ya tatu je. Baba akamjibu ya tatu haijafika, mali bado ipo. Sisi chumba cha pili tulicheka mpaka tukagombezwa. Mtoto wa dalali yeyote anajua kwamba kwenye mnada ya tatu ikitamkwa ubao unagongwa na kitu kimekwenda, hakirudi. Miaka yote hiyo baba hakumtamkia mama ya tatu hata kwa utani, hata walipokuwa wamenuniana. Wewe ndiye uliyemtamkisha. Na usiniambie aliisema mwenyewe sebuleni. Nyuma ya ile ya tatu kuna ubao unagongwa na watu wanaguna. Umeichukua kwenye mnada fulani wa zamani wa makabati ukaishonea hapo. Mimi ni fundi cherehani, Kaka, naujua mshono.

Sasa jaribu kufikiri siku ile ndani ya nyumba ilikuwaje. Mama alikuwa kitandani anakunja soksi, baba amekaa kitini nyuma yake, mama akidhani ametoka. Tangu apasuliwe, baba anatuandikia kwenye kibao cha chaki, lakini kwa mama chaki ni vumbi tu. Wawili hao wamebakiwa na mkono: baba akiubana mara moja ni ndiyo, akiubana mara mbili ni hapana. Basi sauti ikaingia dirishani. Mama akainuka bila fimbo, akajigonga goti kwenye meza, akawa anamwita baba kwa furaha huko nje, anamuuliza amepona lini na mbona amemficha. Baba akamfuata, akamshika mkono, akaubana mara mbili. Mama akauliza tena. Akaubana mara mbili tena. Ikabidi mimi nimweleze kwamba sauti ya mumewe iko mtaani inauza godoro. Ungekuwa karibu nami saa ile ningekutafuna mbichi.

Hapo hata hukuwa umemaliza. Mtaa mzima uligeuza ukuta ule kuwa mchezo, ikawa lala salama asubuhi, lala salama wakati wa chakula. Siku moja baba alikwenda kununua mkate amevaa kofia yake, akainua mkono kumsalimu yule dada anayeuza vocha, na yule dada kwa utani akamwelekezea simu. Simu ilisitasita, kisha ikaiona ile kofia na ule mkono, ikamchukua baba yetu kuwa ndiyo picha. Godoro likanadiwa kutoka kifuani kwake, na yeye amefunga mdomo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kuanzia siku ile wanamwita Godoro. Mtu aliyekuwa akikohoa tu soko linanyamaza! Alirudi nyumbani akaandika kwenye kibao kwamba wanamwita Godoro, akafuta haraka kabla sijamaliza kusoma.

Ndipo nilipozibandua zile picha zilizokuwa zimejaa mtaa mzima kwa mikono yangu, moja baada ya nyingine, mpaka nikatukanwa na mwenye duka la dawa. Sauti ilibaki kwenye simu za watu, ndipo nilipokujazia simu kwa matusi. Wewe kwa macho makavu ukanijibu kwamba sielewi mambo ya kisasa, kwamba baba amekuwa maarufu, kwamba nilipaswa kujivuna. Nilikuambia uondoe tangazo au usiniite dada. Hayo unayajua.

Hili lifuatalo hulijui, na ningependa ulisome polepole.

Jioni baba alianza kuniazima simu. Yake ni ile ya vitufe, haina macho. Nikidhani anasoma habari nikampa, naye akaingia nayo chumbani na kurudisha mlango. Siku moja niliwapelekea mashuka niliyopiga pasi, nikasukuma mlango kwa kiwiko. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda karibu na mama, amevaa kofia ya mnadani, mkono wa kulia ameuinua, wa kushoto ameshika simu mbele ya uso wake mwenyewe. Amekonda, simu ilikuwa inamtafuta. Akanyanyua kidevu. Akaisogeza kofia kidogo. Mwishowe ikampata, ikasema lala salama mara ya kwanza, lala salama mara ya pili, na papo hapo akaizima kwa kidole. Mama akauliza, kama zamani, na ya tatu je. Baba akamshika mkono akaubana mara mbili. Mama akacheka, Kaka. Alicheka kile kicheko tulichokuwa tukikisikia kupitia ukutani. Nikarudi na mashuka yangu nilikotoka.

Kesho yake nilimuuliza mama kama anajua kwamba ile ni simu. Alinigombeza, akasema yeye ni kipofu, si mtoto. Akasema ile ya barabarani inauza vitu, ndiyo maana inafika tatu. Hii ya chumbani inaishia mbili, kwa hiyo ni ya mumewe.

Utaniuliza kwa nini basi sikukuambia uache. Kwa sababu kukuambia hivyo kungekuwa kukubali kwamba uchafu wako umetufaa kitu, na hilo lilinikwama kooni. Utaniuliza pia kwa nini sikuirekodi pembeni. Nani anahifadhi kitu ambacho kila jioni kipo? Na wewe, uliyekataa maneno yangu miezi yote, ukachagua wiki hii kunitii. Hata kunitii hujui kunitii kwa wakati.

Tangu uliondoe, baba anavaa kofia kila jioni kama kawaida na kuinua mkono. Simu inamtazama, inazungusha kile kiduara chake, kisha inaandika kwamba hakuna kilichopatikana. Anaivua kofia, anaivaa tena. Anasogea karibu na taa. Hakuna kilichopatikana. Mwishowe anamshika mama mkono, lakini mkono wake unajua ndiyo na hapana tu, haujui lala salama.

Kwa hiyo sikiliza ninachotaka, na usije ukadhani mtu anayeomba amekusamehe. Sitaki tangazo lirudi. Nataka rekodi ya sebuleni, yote, kama baba alivyoisema, viti, birika, majina yetu na yale maneno ya mwisho yanayoishia mbili. Ile ya tatu yako uifumue, ubaki nayo mwenyewe. Na usinitumie kwa mtandao. Uilete kwa miguu yako, uingie chumbani kwao, umkabidhi baba mkononi. Sitakupikia, wala sitakutandikia. Ukishamkabidhi, mimi na wewe tutatoka nje tugombane vizuri, mwenye duka la dawa apate cha kusimulia.

Wifi mpe salamu zangu, yeye hana kosa. Watoto wako waambie babu yao aliwaita majina yao siku ile, ila baba yao aliyakata kwa sababu hayauzi godoro. Baba hajaandika lolote juu yako kwenye kibao. Mama anakusalimu sana, anadhani simu yangu imeharibika, ndivyo nilivyomdanganya. Siku mbili za mwanzo alingoja. Siku ya tatu aliniita, akaniambia nifunge mlango, akaniuliza kwa sauti ndogo kama baba yenu amemkasirikia. Nikasema hapana. Akapapasa shuka, kisha akaniuliza kama inawezekana kwamba baba ameshasema ya tatu, na yeye alikuwa amelala.

Mimi nikachukua karatasi hii. Njoo umjibu wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Yule ambaye baba alimwita Kengele kwa kutojua kunyamaza