Nguzo za Hekalu la Demetra

Kwa Baba yangu Theokle, Paro,

Shikamoo Baba. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kifua kimetulia tangu baridi ipungue. Mama hajambo? Mwili wangu haujambo; moyo ndio mgonjwa.

Hapa Mileto hekalu limefikia kwenye nguzo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba nguzo ikinyooka kabisa, jicho huiona imebonyea katikati. Mafundi wa zamani waliivimbisha mpaka ikawa na tumbo la mlevi. Wewe ulihangaika miaka tisa kutafuta kipimo cha kuivimbisha bila mtu kutambua, ukakichonga kwenye ubao wa mzeituni, ukanikabidhi siku ninaondoka.

Nilipata rafiki, mchongaji aitwaye Kalipo. Tulilala chumba kimoja. Niliposhikwa na homa alininywesha uji wa shayiri kwa mkono wake, nami nikamwonyesha ubao. Nilipoinuka kitandani, nguzo ya kwanza ilikuwa imesimama, nyepesi kana kwamba inapumua, na watu wanampongeza Kalipo. Alama yako kwenye ubao ameikwangua, ameweka yake.

Nilimshtaki mbele ya baraza la ujenzi, nikasema ubao ni wako. Mkuu wa baraza akasema neno hili ni jepesi: kama ubao umetoka kwa baba yangu, basi aitwe kutoka Paro aeleze. Kalipo akacheka.

"Mwiteni," akasema. "Ila Nikandro mwenyewe alituambia sisi mafundi kwamba mzee ni marehemu. Sijui atakuja na sanda yake?"

Baraza zima likaangua kicheko. Shauri likaishia hapo.

Baba, Kalipo hakusema uongo. Siku ninaomba kazi, wasimamizi walisema mbele ya mafundi kwamba wangempendelea Theokle mwenyewe, fundi wanayemsikia, kuliko mwanawe. Nikawajibu kwamba umefariki. Nilikuzika ungali hai. Na Kalipo nilimwambia kipimo nimekibuni mimi. Aliniibia, na bado namchukia kwa hilo, lakini aliniibia kitu nilichokuwa nimekwisha kukuibia wewe.

Sasa nachonga nguzo ya nne chini ya amri yake.

Nisalimie Mama na dada Klito. Sikuombi uje kunitetea. Ila mtu wa Mileto akifika huko na kukuuliza jina lako, mtajie.

Mwanao, ukinikubali,
Nikandro