Karatasi ya Mama Moza

Muaither, Doha
Ijumaa, alasiri

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa barazani kwako, goti la kushoto limepata nafuu, na chai yako ya tangawizi haijapoa. Mimi na Baba hatujambo, na hakuna jioni inayopita bila kukutaja. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatuzungumzi, tunalia tu, na vocha inakwisha kabla hatujafika popote. Barua hii ataileta Bi Mwanaisha, anayefanya kazi hotelini na anakuja likizo. Mwambie Shangazi Rukia akusomee taratibu, asiruke mstari hata mmoja, hata pale nitakapojisema vibaya.

Huku joto limeanza. Mvua ilinyesha siku moja tu tangu nilipokuandikia mara ya mwisho, na skuli walituruhusu turudi nyumbani, kwa sababu barabara zilijaa maji na madereva hawajui kuyapita. Nilisimama uani nikainua uso juu. Haikunuka kama mvua ya kwetu. Ilinuka vumbi, maana kila upande wa mji wanachimba.

Sasa nikwambie jambo lenyewe. Ikama yetu, yaani kibali cha kuishi nchi hii, ilikaribia kupotea, na kosa lilikuwa langu. Baba alinikataza nisikwambie mpaka mambo yatulie. Yametulia, kwa kiasi.

Unajua kwamba mfanyakazi wa hapa hakai ila kwa sahihi ya tajiri wake, ambaye wanamwita kafili. Kafili wetu ni Bwana Khalid, ambaye Baba anamwendeshea gari, na ndiye aliyekubali mimi nije nisome. Tunakaa vyumba viwili nyuma ya nyumba yake. Mama yake, Mama Moza, anakaa nyumba kubwa. Ni mzee sana, mweusi kama mimi na wewe, macho yake yamefifia, lakini masikio yake humsikia hata paka akipita juu ya ukuta.

Wiki yangu ya kwanza nilijikwaa kwenye kizingiti chake nikaangusha sinia ya vikombe. Nikasimama nikingoja kugombezwa. Yeye akasema, "Pole." Kwa Kiswahili, Bibi, tena kwa sauti ya kwetu. Nikamuuliza kwa Kiarabu changu cha madrasa kama anajua Kiswahili. Akasema hajui. Hilo lilikuwa neno la mamake, alilisema kila mtu alipoanguka, na yeye amelichukua hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo nikitoka skuli hupitia kwake. Hunisuka. Nafumba macho na kujifanya ile ni mikono yako, lakini mikono yako inanukia kitunguu thomu na yake inanukia udi, kwa hiyo siwezi kujidanganya kwa muda mrefu.

Siku moja aliniuliza kwetu ukutani kuna nini. Nikamwambia habari za karatasi ya marehemu baba yako, ile yenye taji la Mfalme wa Uingereza juu na wino wa buluu chini, inayosema alikuwa tarishi mwaminifu wa ofisi ya Mwingereza. Nilimweleza kama unavyotueleza: kwamba bendera nyekundu ya Sultani ndiyo iliyopepea Forodhani, lakini amri zilitoka ofisi ile nyingine, na baba yako ndiye aliyezibeba, miaka yote hiyo bila kukaribishwa kiti hata siku moja. Nikamwambia kwetu mgeni huonyeshwa kwanza karatasi ile, ndipo hupewa chai.

Mama Moza akaniambia nifungue sanduku lake na kutoa mkoba wa ngozi ulio chini ya nguo zake za harusi. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, na juu yake taji lile lile. Alikuwa nayo tangu mamake alipofariki, lakini yeye hajui Kiingereza, na Bwana Khalid alikuwa akisema kila mara kwamba atamsomea kesho.

Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba mwanamke aitwaye Mabruka, umri wake kama miaka ishirini na mitano, mzaliwa wa Zanzibar, ameachwa huru, na kwamba yeyote asiuingilie uhuru wake. Chini palikuwa na sahihi ya ofisa wa Kiingereza. Nilipomaliza aliniambia nisome tena, na nilipomaliza tena akaanza kunisimulia.

Mamake, huyo Mabruka, alikuwa mtumwa wa mfanyabiashara wa lulu hapa Doha, kabla ya mafuta. Mwaka mmoja tajiri yule alihamisha nyumba yake kwa muda kwenda Bahrain, ambako Waingereza walikuwa na ofisi kubwa yenye bendera uani. Wajakazi walikuwa wakinong'onezana kwamba ukifika ukaukumbatia mlingoti wa bendera ile, hakuna anayeweza kukubandua mpaka maneno yako yasikilizwe. Mabruka akatumwa maji asubuhi. Alitua mtungi getini akakimbia kuushika mlingoti. Jua likapanda. Askari akamwambia aache mlingoti aje akae kivulini, ofisa atamwona baadaye. Alikataa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kama na kivuli nacho kinahesabiwa.

Aliushika mpaka adhuhuri. Halafu zikafuata siku za maswali kwa mkalimani, na tajiri wake akaitwa naye akaulizwa, na mwishowe Mabruka akapewa karatasi. Nilisema Waingereza wale walikuwa watu wema. Mama Moza akatikisa kichwa. Alisema ofisi ile ilikuwapo miaka mingi, na tajiri yule alikuwa akinywa kahawa humo. Haikumfuata mtu. Ilingoja uende mwenyewe, ukiweza kufika.

Nikamuuliza kama mamake alitaja sehemu gani ya Zanzibar. Alisema mamake hakulijua jina, aliibwa bado mdogo. Alikumbuka jambo moja tu, na wanawe walimcheka nalo mpaka anakufa: kwamba kwao, mara moja kila mwaka, wanaume hupigana kwa vipande vya migomba mpaka hasira zote za mwaka ziishe, kisha huchoma kibanda, kisha watu wote hula pamoja.

Bibi, nilisimama wima. Nilimwambia huo ni Mwaka Kogwa, ni Makunduchi, na mimi nimekwenda na wewe, na wewe ulinishika mkono ili nisisogelee moshi.

Mama Moza akasema, "Kwa hiyo hakuwa mwongo."

"Hakuwa," nikamjibu.

Aliniachia karatasi ile nimwandikie maneno yake kwa Kiarabu kwenye daftari. Hapo ndipo nilipokosea. Baba alikuwa na safari ya Al Wakrah, nikaomba kufuatana naye, kwa sababu karibu na bandari kuna fundi wa fremu. Kwa zawadi zangu za Idi nikaitilia kioo na mbao ya rangi ya dhahabu, kama ya baba yako. Baba nilimwambia ni kazi ya skuli. Siku iliyofuata Mama Moza alipelekwa hospitali kwa ajili ya macho, nikaomba nyundo jikoni, nikaitundika sebule ya wanawake, juu ya kiti chake. Nilijua alasiri ile wanakuja wageni, mama na shangazi wa kijana anayemposa binti wa Bwana Khalid. Ndiyo sababu niliharakisha. Nilitaka waione kabla ya kahawa.

Najua unavyotikisa kichwa. Najua hata kwetu jambo lile watu hawalitaji mbele za watu. Lakini karatasi haikusema mtumwa kisha ikanyamaza. Ilisema mtu huru. Nilidhani watu watasoma mpaka mwisho.

Bwana Khalid alipita kutazama kama viti vinatosha. Hakupaza sauti. Aliiondoa ukutani kwa mikono miwili, kama mtu anayeepua sufuria ya moto, akaiweka kabatini kifudifudi. Akauliza ni nani. Nikasema ni mimi, tena kwa furaha, na nikikumbuka furaha ile uso unaniwaka mpaka leo.

Alimwita Baba nje. Nilisikia kupitia dirisha la jikoni. Alisema wale ni watu wanaouliza asili kabla ya kuuliza mahari, na mimi nimewatundikia jibu ukutani. Baba alisema, "Ni mtoto, Bwana. Kosa lake nilibebe mimi."

"Umeshalibeba," akasema Bwana Khalid. "Ikama yenu inakwisha mwezi huu. Sitaitia sahihi."

Baba hakunipiga, wala hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Salma, watu wa hapa wanajua. Kujua si sawa na kuandikiwa." Kisha akanikataza nisikanyage nyumba kubwa, akateremsha begi kutoka juu ya kabati.

Hapa Shangazi asome polepole. Nilipoliona begi lile limefunguliwa kitandani, moyo wangu uliruka kwa furaha. Niliona baraza yako. Nilijiona nimelala mgongoni kwako na mvua inapiga bati. Nikasema moyoni, basi, turudi. Kisha nikamwona Baba anavitoa vitabu vyangu alivyokwisha kuviweka chini kabisa, anavirudisha mezani, ili niendelee kusoma hadi siku ya mwisho, maana mtihani wangu ni mwaka huu. Alivipanga kwa ukubwa. Nikaingia bafuni nikafungua maji ili asinisikie.

Siku tatu sikwenda kwa Mama Moza. Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, tulisikia fimbo uani. Alikuwa anakuja mwenyewe, na ua ule hakuwa ameuvuka tangu mwaka jana. Alisimama mlangoni kwetu, akapapasa begi kwa fimbo, akauliza ni la nani. Nikamweleza yote, na fremu, na uongo niliomwambia Baba. Sikujitetea. Alimtuma Baba akamwite mwanawe.

Bwana Khalid alipokuja alimwambia mamake jua ni kali, waende ndani wakazungumze. Mama Moza akashika mwimo wa mlango wetu kwa mkono wake mmoja. Sidhani kama alikuwa anafikiria alichoshika, Bibi. Nadhani alikuwa amechoka. Akasema:

"Mama yangu alishika mlingoti wa watu wasiomjua, nao wakamwandikia. Wewe ni mwanangu, na kalamu unayo."

"Mama, watu watasema..."

"Watu walikuwapo siku ile pia."

Bwana Khalid akamshika mamake mkono, taratibu, akamtoa mlangoni na kumpeleka nyumbani kwake, akimkinga jua kwa mwili wake. Siku mbili baadaye alimpa Baba bahasha bila kusimamisha gari. Ndani ilikuwamo ikama, imetiwa sahihi, ya Baba na yangu.

Nisikudanganye kwamba yote yamekuwa mazuri. Wale wageni hawajaleta jibu hadi leo, na hatujui kama habari ya karatasi iliwafikia. Binti wa Bwana Khalid hanisalimu, na siwezi kumlaumu. Nilicheza na jambo lake bila kumuuliza. Wala mwenye karatasi sikumuuliza. Fremu haikurudi sebuleni. Mama Moza alikubali hilo. Iko chumbani kwake, mbele ya kitanda, na kila nikiingia ananiambia nimsomee, ingawa sasa anaijua kwa moyo.

Juzi alinitajia jambo jingine. Anataka, skuli zikifungwa, nimpeleke Makunduchi akaione migomba. Nilimwambia safari ni ndefu na yeye haoni. Akasema moshi atausikia kwa pua. Bwana Khalid alisema atafikiri. Lakini jana, Baba akiwa anaendesha, alimuuliza ghafla kama kwenye uwanja wa ndege wa kwetu kuna viti vya magurudumu, na kama mwezi wa saba kuna jua kali. Baba alimjibu kwamba mwezi wa saba ndio wakati wa upepo mzuri. Kisha Baba akaja kuniambia, na usiku ule sote wawili hatukumaliza wali wetu.

Nisalimie Shangazi Rukia, koo likimkauka anywe maji. Nisalimie Mjomba Haji, fundi wa baiskeli, na mkewe, na mtoto wao mpya nisiyemjua sura. Nisalimie mwalimu wangu wa Kiingereza. Mwambie bila yeye ningebaki nimeishika karatasi ile tu. Na Bi Time jirani, mwambie paka wake nimemsamehe.

Bibi, ombi langu ni moja. Pembeni mwa karatasi ya baba yako, upande wa dirisha, pana nafasi. Mwambie Mjomba apigilie msumari hapo. Sijui kama Mama Moza atataka kuiacha, wala sijui kama tutafika. Lakini amesema akija ataibeba, na mimi nimemwambia kwetu mgeni huonyeshwa karatasi kwanza, ndipo hupewa chai.

Mjukuu wako, anayekuona kila akifumba macho,

Salma