Nusu ya Dada

Jumatatu, 3 Juni

Nimemaliza! Nusu yangu ya nguo nimeikata kutoka kwenye miti ya kufumia jioni hii, na mgongo nao umekatika. Miezi yote hii nafuma nikitoka kazini, mti mmoja nimeufunga kwenye nondo za dirisha, mwingine kwenye mkanda kiunoni. Jirani wa chumba cha pili alichungulia siku moja akaondoka haraka, nadhani aliona mtu kafungwa kama mbuzi. Tangu hapo salamu yetu ni kugonga ukuta redio ikizidi. Ndiyo jamaa niliyonayo jengo zima.

Ukweli ni kwamba ningeweza kumaliza zamani. Nilikuwa najivuta makusudi, ili jioni ziwe na kitu.

Sasa nangoja nusu ya Dada. Kwetu nguo ya bibi harusi haifumwi na mtu mmoja. Ni vipande viwili virefu, ndugu wawili wa tumbo moja, kila mmoja nyumbani kwake. Halafu mdogo ndiye anayeviunganisha kwa sindano. Kila baada ya shibiri unaingiza mstari mwekundu. Shibiri ya mkono wako mwenyewe — futi kamba ni ya fundi cherehani, Mama alikuwa hataki hata kuiona. Mistari ikikutana pale katikati, wakwe wanajua binti ana watu. Ikipishana wanatazamana: kumbe huko kwao hawasikilizani. Hakuna anayesema neno. Lakini binti anaingia nyumba ya watu kichwa chini.

Yetu haijawahi kupishana. Mama alitubandika viganja tukiwa wasichana, changu na cha Dada, akacheka. Huu mkono mmoja, akasema, mmegawana tu.

Na safari hii ni ya binti wa Dada mwenyewe! Harusi tarehe 13 Julai.

Nimempigia. Sauti tu, kamera ya simu yake imekufa tangu sijui lini. Akasema, mimi mzima, Kitinda — huniita hivyo mpaka leo, mtoto wa mwisho — nusu yangu iko njiani, dereva wa basi keshaichukua. Nikataka tuongee kidogo, hata umbea. Akasema chungu kinaungua. Kila nikipiga, chungu kinaungua! Nyumba ile sasa wanakula makaa.

Nimekula mkate nimesimama. Kipande changu nimekitandaza kitandani, kizuri mno. Sina wa kumwonyesha.

Alhamisi, 6 Juni

Shuka. Shuka. Shuka. Zote nyeupe. Hoteli nzima hakuna anayejua shuka hii alilalia nani, na ndivyo wanavyotaka.

Msimamizi kaingia chumba cha dobi na habari. Jumatano ijayo tunapigwa picha ya kutundikwa mapokezi, wafanyakazi wote, kila mtu na nguo ya kwao. Wageni wanapenda, anasema. Mvuke — yule mpiga pasi, tunamwita hivyo kwa sababu humuoni vizuri mpaka mashine izimwe — akauliza, na asiye na kwao je? Tukacheka. Mimi nikacheka kidogo kuliko wote.

Nikamuuliza msimamizi kama naweza kuvaa shuka, maana hizo nimezishika kuliko nguo nyingine yoyote duniani. Hakucheka.

Nusu yangu siwezi kuivaa. Nusu si nguo.

Jumapili, 9 Juni

Imefika. Nilimfuata dereva stendi, nikarudi nayo kifuani kama mtoto. Nikafunga mlango, nikavilaza vipande viwili sakafuni, bega kwa bega.

Mstari wa kwanza umekutana. Wa pili umekutana! Wa tatu... unywele hivi. Nikasema labda nimevuta vibaya. Nikanyoosha. Wa nne umepishana kidole. Nikaenda hivyo hivyo kwa magoti mpaka chini, na chini kabisa mstari wake na wangu haijuani kabisa, kiganja kizima kati yake.

Dada! Dada aliyekuwa akinifumulia kazi mbele ya watu kwa uzi mmoja uliolegea! Pindo lake lenyewe limelegea, upande mmoja kama mkeka wa kuuza barabarani. Kwa binti yake wa kumzaa!

Nikapiga simu, damu imenipanda. Kapokea bibi harusi. Mama amelala, anasema. Mchana kweupe! Halafu na kile kisauti chake: mama mdogo, imefika? Nzuri? Nzuri sana mwanangu, nikasema.

Nimekata simu nikalia. Hasira, lakini si hasira tupu. Nilikuwa nimeingoja siku hii, sisi wawili tukutane sakafuni kwangu, hata kama ni kwa uzi. Nahisi kama mtu aliyeandaa meza, mgeni akatuma salamu tu. Kanichoka. Au kampa mtu mwingine afume. Au ameona huyu aliyeko mbali ataunganisha tu, atajua nini.

Jumatano, 12 Juni

Picha imepigwa. Mimi nimevaa sare. Msimamizi kanipanga nyuma, karibu na kizima moto.

Mvuke alikuja na nguo ya bluu iliyokolea karibu nyeusi. Kwao bluu ile huchovya mama, kila mtoto anapozaliwa anairudisha nguo kwenye rangi. Nikamtazama — bluu ya watu wengi! Anao saba, anasema, na wote wako kwa bibi yao. Miaka yote tunapokezana shuka, sikujua ana hata mmoja.

Lakini mlinzi wa geti ndiye aliyenivuruga. Ana blanketi lake la mistari, hulitupia begani hata zamu ya kawaida. Mpiga picha akamwambia alihamishie bega la kushoto, lionekane vizuri. Akakataa. Kwa upole, lakini akakataa. Msimamizi akamsukumasukuma na maneno, mzee usitucheleweshe. Akasema: kushoto ni mwenye mke. Aliyefiwa ni kulia.

Kumbe hilo blanketi lina mwaka liko kulia! Mwaka mzima anatufungulia geti nasi tunamwambia mzee umependeza. Alikuwa anatuambia kila asubuhi, na hakuna aliyeuliza.

Nimerudi nyumbani sikuvua hata viatu. Nikavilaza tena vile vipande. Safari hii sikutazama vinapopishana. Nikatazama cha Dada peke yake, tangu juu, kama anayesikiliza.

Mzembe hukosea huku na huku. Leo refu, kesho fupi. Dada hakukosea hivyo. Nafasi zake zinapungua tu. Kila moja fupi kuliko iliyotangulia, kidogo, kidogo, haijarudi nyuma hata mara moja. Na pindo limelegea upande wa kulia tu — upande unaovutwa na mkono wa kulia.

Nikaweka mkono wangu kwenye nafasi ya mwisho. Dole gumba huku, kidole cha mwisho kule. Hauingii. Ili uingie lazima niukunje, vidole virudi ndani kama nimeshika kikombe.

Kamera. Chungu. Amelala mchana.

Mkono wa Dada unajifunga. Umekuwa ukijifunga miezi yote hii, nusu hii mkononi mwake, nami niko hapa namwita mzembe.

Ijumaa, 14 Juni

Nimempata bibi harusi akiwa kazini kwake, mbali na masikio ya mama yake. Sikumzungusha. Nikamuuliza, mkono gani? Akaanza kulia. Wa kulia, mama mdogo, na wa kushoto umeanza. Kikombe anakibana kwa mikono miwili. Daktari kasema haurudi. Dada alimwapisha asiniambie. Na nguo alikataa kusaidiwa hata kuingiza uzi, mlango anafunga, anatoka jioni jasho linamtiririka.

Alisema utashona tu, hutajua, kaniambia.

Sikujua! Siku tatu nzima sikujua. Nimeona aibu mpaka nikawasha redio.

Nifanyeje? Naweza kufumua mistari yake na kuirudia kwa mkono wangu. Itakuwa imenyooka. Wakwe watatabasamu. Na Dada ataishika siku ya harusi, na kwa mkono huohuo mgonjwa atajua kwamba kazi yake ilitupwa. Naweza kuunganisha hivi hivi, binti akaenda kwa watu na nguo inayosema ndugu hawasikilizani. Hilo pia ni uongo.

Kimebaki kipande kimoja cha kufumua. Nimekifikiria siku nzima nikikunja shuka. Kizuri mno, kile. Sijawahi kufuma kizuri hivyo.

Nimechukua mkasi, nimeuweka mezani. Kesho.

Jumamosi, 15 Juni

Nimefumua changu. Kuanzia mstari wa pili kwenda chini, wote. Nimeumia kama nafumua nywele za maiti. Uzi nimeuzungusha kwenye miguu ya kiti, miti nimeirudisha dirishani.

Jumanne, 25 Juni

Nimegundua jinsi ya kufanya. Naweka mkono kwenye nafasi ya Dada, naukunja mpaka uingie sawasawa. Halafu nauhamishia kwangu bila kuunyoosha — pumzi nimezuia, kama nabeba yai. Pale unapoishia, mstari mwekundu. Ni shibiri ya mkono wangu bado, Mama asinifufukie. Ila nimeukunja.

Juu ni rahisi. Kadiri ninavyoshuka ndivyo unavyokunjika, na unauma. Mimi naumia dakika, nikimaliza naunyoosha, natikisa vidole. Yeye hanyooshi. Nikifika hapo huwa nasimama kidogo.

Mvuke kashika zamu zangu mbili, halafu leo akaja kuona nimemkimbia kwa sababu gani. Mtu wa kwanza kukaa chumba hiki! Kiti kimezungushwa uzi, akakalia ndoo. Hakuuliza sana. Akanishikia ncha ya uzi, akatazama dirisha. Akasema watoto wake wakikua zaidi atalazimika kununua nguo nyingine, hii ya bluu imejaa. Tukacheka mpaka jirani akagonga.

Alipoondoka chumba kilikuwa kikubwa kuliko kawaida. Ndoo nimeiacha palepale alipokaa.

Jumapili, 7 Julai

Dereva wa basi anaondoka na nguo kesho asubuhi. Nimefuma tangu kuamka. Nimeanza kushona kutoka juu, na inakutana! Mstari kwa mstari, nyekundu inavuka kutoka kwake kuja kwangu bila kukatika. Nafasi zinapungua kadiri unavyoshuka, zote mbili pamoja, kama watu wawili wanaopunguza mwendo. Mkwe yeyote akiitazama ataona mtindo mpya, labda atauliza. Hataona ugomvi.

Umebaki mstari wa mwisho tu. Ule mfupi kabisa.

Nilikuwa nimeushika, mkono umekunjwa, Dada akapiga. Mwenyewe! Nikaweka simu sikioni kwa bega. Hakuna chungu leo. Akauliza, Kitinda, imekutana?

Imekutana, Dada.

Nasikia anavyopumua. Akasema, hata chini?

Hata chini.

Hata wa mwisho?

Nikatazama palipo na uzi mtupu. Hata wa mwisho, nikasema, na sauti ikanisaliti pale pale.

Dada si mtoto. Kanifundisha kufuma, anajua kilichotoka mkononi mwake. Akasema, taratibu: haiwezekani, mdogo wangu. Akasema basi, nitapiga simu ya picha nione. Nikamuuliza, kamera si imekufa? Akakata.

Nimeandika haya nikingoja. Labda hatapiga. Nataka apige, naogopa apige.

Inalia. Ya picha.

Sehemu ya mwisho bado haijafumwa, na mkono wangu wa kushoto uko juu ya nguo, umekunjwa kama nilivyouacha, sijathubutu kuunyoosha nisije nikaipoteza nafasi yake. Nikipokea nitauona mkono wake. Naye atauona wangu.

Bado inalia.